Kopo la Funguo

Tulipomaliza kumzika
(ardhi ilikuwa imeganda, wachimbaji
waliilainisha kwa makaa siku mbili)
nilirudi dukani kuzima taa,
nikalikuta chini ya kaunta kopo la biskuti
limejaa funguo.

Mia moja arobaini na tatu. Nimezihesabu.
Kila mmoja na kibati chake kwa waya,
na juu ya kibati si jina, si namba ya nyumba,
ila michoro ya Orest Hnatiuk mwenyewe:
samaki. Kiatu. Ngazi ya vidato vitatu.
Kitu kama pera, au labda mwanamke amekaa.

Hapa Stornby, Saskatchewan, Januari haina mchezo.
Upepo unaingia mjini bila kupiga hodi.
Ukijifungia nje usiku una dakika ishirini,
thelathini kama umevaa kofia.
Basi kila aliyechongesha ufunguo kwa Baba
alimwachia na wa akiba.
Saa nane za usiku simu inalia,
Baba anavaa buti bila soksi,
anapitia dukani, anakwenda kwa mwenye shida,
na asubuhi hasemi alikuwa nani.
Nani karudi amelewa, nani kafungiwa na mkewe,
alijua, akanyamaza, akauza misumari.

Watasema alikuwa mwema. Sibishi.
Ila mimi ni bintiye, nitasema na mengine:
alilala kanisani macho wazi.
Alikunja na kuweka kila uzi wa kila kifurushi.
Bomba la jikoni kwetu linadondoka
tangu niko darasa la tano; kinyozi hajinyoi.
Na alikuwa mwongo.
Mwaka ule mvua ya mawe ilipoilaza ngano,
Lyle Gunderson alipata pampu
"iliyopunguzwa bei na kiwanda."
Kiwanda hakikupunguza hata senti.
Ankara niliiona.

Na skrubu moja alikuuzia. Moja!
Kule Regina watakubebesha pakiti ya hamsini, upende usipende.
Baba aliuliza: ya nini?
Ukaeleza, kwa mikono zaidi kuliko maneno,
naye akatazama dari,
mkono ukaingia drooni peke yake
ukatoka na ile yenyewe.
Senti nne. Na habari za mama yako.

Juma lililopita nikaanza kuzunguka na kopo,
mlango kwa mlango, theluji magotini.
Ule wa samaki ulifungua kwa Bi Lavallée,
ambaye mumewe barafu ilimvunjikia ziwani
kabla sijamaliza shule.
Akakishika kile kibati kwa glavu,
kisha akavua glavu, akakishika tena.
Sikuwa na la kusema. Nikafagia ngazi yake.

Wa kiatu ulikataa nyumba kumi na sita,
ya kumi na saba ukazunguka kama siagi.
"Kwa nini kiatu?" nikamuuliza mwalimu Dufresne.
Akawaza. Akaona haya, mzee wa miaka sabini,
akafunga mlango taratibu huku akicheka.
Sawa. Hata Baba hakuniambia.

Umebaki mmoja, hauna kibati.
Nimeujaribu kanisani, kwenye ghala la reli,
kwenye kabati la bunduki la polisi (kwa ruhusa).
Jana nikampelekea Mama.
Hakuvaa hata miwani.

"Pontiac," akasema. "Ile ya bluu.
Aliiuza ulipozaliwa, tupate tanuri la nyumba."

Gari aliuza, ufunguo akabaki nao.

"Mnunuzi alikuwa mtu wa kupoteza vitu,"
Mama akasema, "baba yako akahofia
siku moja atapiga simu,"
na kwa mara ya kwanza tangu makaburini akacheka,
mabega yote, mpaka akashika meza.
Kisha kimya. Bomba likadondoka. Likadondoka.

"Kesho nitalitengeneza," nikasema.

"Thubutu!"