Risasi ya Bega la Mtoto

Thuweni amepiga simu tena kutoka Ibra.
Kila baridi ikianza kung'ata ncha za masikio
hunipigia: salamu nusu, habari nusu,
halafu bunduki.
Amekata vibali vya watu watatu, nchi ya mbali
ambako kuwinda bado kunaruhusiwa,
anauliza nitabeba ipi.
Ile kubwa inaharibu nyama, asema,
paja zima linakuwa uji.
Ile ndogo yatosha kwa mwenye mkono.
"Na wewe mkono unao."

Mkono ninao.
Umeshika kikombe cha kahawa, hautetemeki.
Zuwena ananitazama juu ya miwani
kama mtu aangaliaye maziwa jikoni,
yatafurika, hayafuriki.

Ile ndogo ipo kabatini, nyuma ya kanzu za Idi.
Baba aliichagua mwaka tuliorudi kutoka Pemba,
kwa bega langu la miaka kumi na mitatu:
mtutu mwembamba, teke lake la mwanambuzi,
risasi yake fupi kuliko kokwa ya tende.
Binamu zake wa Mudhaibi wakacheka.
Hii, Mhenna, ya kuulia panya?
Akawajibu kwa Kiarabu, kisha akanigeukia
na kunirudilia kwa Kiswahili, niwe nami shahidi:
"Kubwa huua. Ndogo husimamisha.
Aliyesimama utamkuta yu hai,
umtajie Mola wake, ndipo kisu."

Nikaamini. Nilikuwa na macho na pumzi ndefu.
Nyuma ya bega, kidole kimoja chini,
pale ngozi inapocheza paa akihema.
Wanane walisimama.
Wa tisa hakusimama.

Nilimfuata wadi nzima, tangu jua la kwanza
hadi kivuli changu kikaingia chini ya miguu.
Tone juu ya changarawe. Tone juu ya jani.
Kisha mwendo mrefu, hapana kitu,
kisha tone.
Nikamkuta chini ya mgunga, kalala upande,
bado ana joto, na nzi wamekwisha fika.
Kisu nilikuwa nacho. Jina nilikuwa nalo.
Nilichelewa kwa muda wa kufunga kamba za viatu.
Nyama nzuri ile ikawa mzoga,
nikawaachia mbweha, nikarudi mikono mitupu,
na baba hakuuliza. Alinitilia wali.

Lakini usinielewe vibaya, Thuweni.
Si yeye aliyenikatisha tamaa.
Baada yake niliwinda tena, nikacheka, nikala,
hadi sheria ilipokuja, na hata ilipokuja
nilinuna miaka miwili kama mtoto aliyenyang'anywa tiara.
Sikuota ndoto. Sikutubu.
Ni kwamba hamu ilihama bila kuaga,
kama mpangaji anayelipa mpaka mwezi wa mwisho
kisha asubuhi moja unakuta mlango wazi
na msumari ukutani alipotundika saa.

Juzi, kabla ya adhana,
aliruka ukuta wa shamba, akaingia kwenye majani ya mbuzi,
jike, mguu wa nyuma una kovu la waya.
Hatua arubaini, labda arubaini na mbili.
Upepo wangu. Mwanga wa kutosha.
Jicho likaenda lenyewe, halikuniomba ruhusa:
nyuma ya bega, kidole kimoja chini.
Ngozi ilicheza.
Nami nimesimama na ndala moja,
ndoo ya maji ya falaji mkononi,
nahesabu jinsi anavyotafuna.

Nikakohoa.
Paa akapaa,
ukuta ukabaki na vumbi lake likishuka taratibu.

Basi mpe kibali changu mwanao Azzan, bega lake limefika.
Mwambie ya wa tisa. Au usimwambie.
Na ile ndogo, ukiitaka, njoo uichukue,
ila piga simu kwanza:
jana niliitoa, nikaifuta, nikaipaka mafuta,
usiku mzima vidole vyangu vikanuka utoto,
na mpaka sasa sijui nilikuwa naiandalia nini.