Kamba ya Fundi Lufega

Kamba ya fundi Lufega ni ya katani,
imeiva jasho, rangi yake kama ugoro.
Ina mafundo kumi na mawili, mwanya sawa kwa sawa,
na kila mwanya ni dhiraa yake mwenyewe:
kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati,
ila kidole chenyewe hakina ncha.
Ilibaki Urambo, kwenye msumeno wa mbao,
mwaka ule mvua zilipogoma.

Kwa hiyo dhiraa yake ni pungufu.
Vijana wa Isevya humtania:
nyumba za Lufega huingiwa kwa kuinama.
Yeye hucheka, hutema pembeni, huchomeka vigingi.

Leo tunachimba msingi wa choo cha shule, Ndevelwa.
Matundu sita. Halmashauri imetoa saruji,
wazazi wametoa mchanga na nguvukazi.
Nguvukazi ni mimi, Kalunde binti Mihayo,
niliyeaga kidato cha nne
na F ya hesabu mkononi kama kuku wa zawadi.

Saa nne tukanunua karanga.
Zimefungwa kwa ukurasa wa kitabu, nami nikala nikisoma.
Misri. Mto unafurika, mipaka ya mashamba inafutika.
Maji yakishuka wanakuja wavuta kamba,
wanaikaza juu ya tope, wanaamua upya
nani alime wapi.
Nyuma yao karani, amekunja miguu, anaandika kodi.
Dhiraa ya mfalme: viganja saba,
vidole ishirini na vinane,
ikachongwa kwenye jiwe jeusi
asije mtu akajenga piramidi kwa mkono wake.
Na mstari wa mwisho, chini kabisa:
*Pia inasemekana walipata pembe mraba kwa*

Hapo doa la mafuta, na ukurasa umechanika.

"Kwa nini?" nikamuuliza Lufega.
"Kwa nini nini?"
"Walipata pembe mraba kwa nini?"
Akapangusa chumvi ya karanga kwenye suruali.
"Shika fundo hili."

Tatu kuelekea ofisi ya mkuu wa shule.
Nne kuelekea reli.
Tano zikarudi kwangu kwa mshazari.
Akavuta. Kamba ikaguna,
na pale palipokuwa na vumbi na kinyesi cha mbuzi
pakawa na kona.

Alasiri akaja Bwana Ngassa na tepu ya njano.
Akapima. Akapima tena.
Akatafuta kosa kama atafutaye chawa kwenye upara.
"Umetumia kipimo gani, fundi?"
Lufega akanyoosha mkono, na kile kidole.

Usiku sikulala upesi.
Maji ya kwetu hayaendi Misri, hilo nalijua:
Igombe humwagia Malagarasi,
Malagarasi hushuka ziwani, magharibi.
Hakuna tope la Tabora lililowahi kufika kwa Farao.
Basi nani alimwambia nani?
Na ule mkono wa mfalme, mrefu, wa jiwe,
na huu wa Lufega ulioliwa na msumeno,
inakuwaje tatu na nne na tano
zisiulize mkono ni wa nani?

Nikaamka. Nikachana ukingo wa kitenge kikuukuu,
nikafunga mafundo kwa shubiri yangu
(dhiraa isingeenea, chumba hiki hata kitanda kinakaa upande),
nikapiga magoti na tochi ya simu mdomoni.
Tatu ukutani. Nne ukutani.
Tano hazikufika.
Nikahesabu upya. Nikakaza mpaka kitenge kikalia.
Hazikufika.

Nilikaa sakafuni kitambo, nikiitazama ile F.
Kisha nikaigeuza tochi ikaangaza ukuta,
kutoka chini hadi kwenye bati.

Kesho nitamwambia mwenye nyumba.