Wembe Si Ule Ule

Aliingia na mvua ya Solingen mabegani,
Joost Verhaeren, mtu wa Antwerp,
ndevu zake zimefika kifungo cha pili cha shati.
Akauliza bei ya ule wa mpini wa pembe.
Nikamwambia: euro mia tisa na arobaini.

Hakushtuka. Aliyeshtuka ni Detlef, mpwa wangu,
aliyekuwa akifagia unga wa chuma.
Akaninong'oneza: "Shangazi,
pale kona nyembe tano ni bei ya mkate.
Na wembe ni ule ule."

Ule ule?
Niliupata Februari ndani ya kopo la vifungo
na funguo zilizosahau milango yake,
umevaa kutu kama koti la urithi.
Mpini wa kwanza ulikuwa wa seluloidi,
na seluloidi ikizeeka hutoa pumzi kama ya siki,
hula kimyakimya
kile ilichokabidhiwa kukifunika.

Nikatoboa riveti tatu. Nikautupa mpini.
Nikashika msasa: mia nne, mia nane,
elfu moja, elfu mbili,
siku kumi na moja, kwa kidole na maji,
maana mashine ina haraka, na haraka ni moto,
na feleji ikishageuka samawati ukingoni
imekufa, hata ukiilaza kwenye hariri.

Kung'arisha, Detlef, hata wewe utaweza.
Mimi nalipwa kwa pale nilipoacha.
Tazama hapa, chini ya mgongo:
kindege cha mfua chuma, kimebaki bawa na mdomo.
Kando yake kuna doa, dogo kama mbegu ya ufuta.
Pasi moja zaidi ya msasa, doa lingeondoka.
Na kindege nacho kingeruka.

Joost hakutazama doa.
Aliufungua wembe, akausogeza sikioni,
akaugusa ubapa kwa ukucha.
Ukalia.

Mlio mwembamba, mrefu,
nikamwona babu yangu Ewald
amelalia gurudumu la jiwe kando ya mto Wupper,
magoti kwenye ubao, maji hadi viwiko,
akila chuma pande zote mbili
mpaka ubapa uwe mwembamba kama ganda la kitunguu,
akisikiliza, akisikiliza,
kwani mzunguko mmoja wa ziada
na kazi ya juma zima inapasuka usoni.
Vumbi la jiwe lilimmaliza na miaka arobaini na minne.
Hakuna risiti iliyowahi kuandika kikohozi.

"Unanyolea?" Detlef akamuuliza, mtoto hana breki.
Mzee akacheka, ndevu zikatikisika.
"Mikono yangu inatetemeka. Ningejichinja."
Akaukunja wembe polepole.
"Nimeuza printa miaka thelathini na mmoja.
Ofisi kwa ofisi, Ghent, Liège, Rotterdam.
Maelfu. Nilipewa hata saa ya ukutani.
Hakuna printa yangu hata moja
inayofanya kazi usiku huu."

Akahesabu noti, zingine zimelowa.
Sikumpunguzia. Hakuomba.
Nikamfungia katika kitambaa chenye mafuta,
nikamwonya juu ya bafu na mvuke wake,
akaitikia kama anayekabidhiwa mjukuu.

Kengele ya mlango ilipotulia
Detlef akaegemea fagio lake, anatabasamu.
"Shangazi, yule leo umemnyoa."

Sikumjibu. Alizunguka meza mara mbili,
akatia mkono katika kopo la vifungo,
akaibuka na wembe mwingine, mwekundu, umeng'ang'ana,
akauweka sikioni kama Joost,
akaugusa kwa ukucha.
Kimya.

"Huu haulii," akasema.
"Bado."
Akauangalia muda mrefu, kutu ikimchafua vidole.
Kisha, bila kuniangalia: "Unaanzia wapi?"

Nikamsogezea bakuli.
"Tia maji."