Mazoezi ya Jioni, Tabora

Kalunde hagongi meza. Anainua mkono tu,
na violini nne zinaingia, kila moja kwa sauti yake,
zikikwaruzana.

"Mama, hapa tumekosea?" anauliza Sizya wa tromboni,
ambaye mchana ni wa karakana ya reli.
"Hapana. Ndivyo ilivyoandikwa."

Miaka kumi na tisa ughaibuni aliongoza
kazi ambazo wino wake ulikuwa haujakauka;
watu wakiondoka katikati, viti vikigongana.
Hakugeuka.

Mkono huo aliupata Sikonge,
akimshikia baba mwenge chini ya mzinga:
usitetemeke, mwanangu,
nyuki hawaimbi, wanashauriana.

Ukurasa wa mwisho hauna noti.
Sizya anahesabu kimya kwa midomo.
Kalunde bado hajashusha mkono.