Kufuli la Kibuye

Hotelini Milimani, saa tatu na robo,
mkakati wa taifa umefungwa utepe wa bluu.
Kurasa mia moja na kumi na mbili. Mimi
nimeitwa kuvuta waya hadi jukwaani,
kisha nikaambiwa niketi nyuma, karibu na birika la chai,
likitokea lolote.

Likatokea, ukurasa wa kumi na nne.
Mheshimiwa alikuwa amefika pale
"miundombinu muhimu italindwa usiku na mchana,"
picha ukutani ikaganda, neno *mchana*
likabaki limenasa kama nzi kwenye asali,
na vichwa mia vikageuka kunitazama
kana kwamba nimekata mimi.

Simu ya Mukhwana: "Ni Mamboleo.
Tingatinga la barabara limekula tena."

Kijana wa tingatinga ameketi juu ya mnyororo wake,
mikono kichwani, kama mtu aliyegonga ng'ombe wa mwenyewe.
"Niliambiwa nichimbe, madamu.
Ramani sikupewa."
Nami sina ramani. Nina kumbukumbu ya Mukhwana:
hatua nane kutoka kwa fundi wa viatu,
ila fundi wa viatu alihamishwa Januari.

Tunashuka mtaroni. Udongo mweusi unavuta buti.
Nyuzi ishirini na nne za kioo,
kila moja nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga.
Namenya, nafuta kwa spiriti, nakata, nazuia pumzi.
Mashine inatoa cheche ndogo, ndogo mno,
na vioo viwili vinasahau kwamba viliwahi kuwa viwili.
Bluu: benki za Barabara ya Oginga Odinga.
Chungwa: wodi za Russia, hospitali, si nchi.
Kijani: sijui. Hakuna aliyewahi kuniambia.
Kahawia ni Muhoroni, na hapo mkono wangu unasita.

Muhoroni yuko shangazi Aluoch.
Mwezi wa nne alipigiwa na sauti yenye adabu zake:
"Mama, laini yako inafungwa leo. Nisomee
zile tarakimu sita."
Akavaa miwani, asije akakosea.
Akazisoma moja moja, na shukrani juu.
Pesa za miwa, miezi kumi na minane ya jua na kunguni wa gunia,
zikaondoka kabla uji haujapoa.
Siku ile waya haukukatika.
Nauapia: waya ulikuwa mzima kabisa,
ukapitisha sauti ya mwizi
bila mkwaruzo.

Polisi walimuuliza mwizi alikuwa amevaa nini.

"Unalia?" Mukhwana anauliza.
"Spiriti," namwambia. "Shika tochi vizuri."

Uzi wa ishirini na nne. Taa ya kijani.
Kule Milimani neno *mchana* limepata pumzi,
na mheshimiwa, nimesimuliwa baadaye, akasema
"Kama nilivyokuwa nikieleza,"
watu wakapiga makofi.

Limebaki sanduku la maungio.
Tangu liwekwe hufungwa kwa mpira wa baiskeli,
maana zabuni ilitaja sanduku
haikutaja kufuli.
Mbuzi ameshaingiza pua humo. Watoto wameshaficha gololi.
Nimetuma barua tatu. Nimejibiwa moja:
*suala lako limepokelewa.*

Basi nikapanda boda hadi Kibuye,
nikapatana na mama wa vyuma chakavu,
mia mbili na hamsini, akanipa na mafuta ya kulainisha.
Nikarudi nikalifunga. Tik.
Nikalivuta mara mbili, kama anavyovuta mlango
mtu aliyewahi kuibiwa.

Jamhuri, ukiutafuta ufunguo wako
haumo katika kurasa mia moja na kumi na mbili.
Uko Nyalenda, kwenye msumari nyuma ya mlango,
pete moja na ule wa banda la kuku.
Ukija, bisha hodi kwanza.
Na jina lako useme lote,
na usiniombe tarakimu yoyote.