Kalamu Nyekundu, Khayega

Daftari la kumi na tisa ni la Imali Lisanza, Kidato cha Pili.
Kurasa zake zinanuka moshi wa kuni.
Ameandika, kwa Kiingereza chake cha mbio,
kwamba fahali wa babu yake alimshinda fahali wa Malinya,
nami nikaishika kalamu nyekundu kama refa mwenye filimbi mpya:

Hapana, Imali. Lile neno la herufi tatu halimshiki mtu.
Linashika kombe, mechi, kesi, kura,
mbuzi wa bahati nasibu,
hata moyo wa mtu, kama umeuhangaikia.
Mpinzani halimgusi.
Mpinzani ana kitenzi chake,
kilekile cha kupiga isikuti, kupiga mayai, kupiga mtoto,
kigumu kama rungu:
leo ni hivyo, jana ni hivyo hivyo.

Nikayabana hayo yote pembeni kwa mwandiko wa sisimizi.
Kumi na moja kwa ishirini.

Jumatatu hakuja. Wala Jumanne.

Jumatano nikashika njia ya Shinyalu,
mvua ya saa tisa imekwisha kupita
na udongo unataka viatu vyangu.
Nikamkuta zizini, anamkanda fahali bega kwa maji ya chumvi.
Mweusi, mpana kama mlango wa kanisa, jina lake Kamishna.
Pembe ya kushoto imepasuka.

"Kumbe alishindwa?"

"Alishinda, mwalimu. Yule wa Malinya alikimbia,
akapitia katikati ya muwa wa watu.
Lakini babu alianguka akishangilia.
Yuko Mukumu, wodi ya wanaume.
Mama ameshinda huko tangu alfajiri.
Mimi nimeshinda hapa.
Na huyu," akampapasa shingo, "ameshinda na njaa."

Nikahesabu, ndiyo kazi yangu.
Mara nne kwa pumzi moja,
na kombe halikuonekana popote.

Kwa Kiingereza siku hutumiwa, kama noti;
ikiisha mfukoni, imeisha.
Kwetu siku ni ya kupambana nayo.
Ndiyo maana jioni, hata mtu usiyempenda,
unamuuliza njiani: umeshindaje?
Naye hujibu salama,
jibu lisilosema nani kamwangusha nani.

Nilitaka kumweleza hayo. Nilifungua kinywa kabisa.
Kisha nikaona ndoo miguuni pake,
maji shinda, yakichezacheza kila fahali anapohema,
nikakumbuka debe la namna hiyo haliachi kutika,
nikanyamaza.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka,
"na mtu akitaka kuandika kwamba mambo yamemshinda,
anatumia lipi? Lile la kombe au lile la rungu?"

Miaka kumi na minne ya chaki.
Nikasema nitalitafuta.
Nikakunja mikono ya shati, nikachukua kitambaa,
nikaanza upande ambao yeye hakuufikia.

Kamishna alikuwa na joto kama jiwe la jikoni.
Giza lilitukuta hapo.
Daftari lilikuwa mkobani, sikulitoa.
Nilimwekea nyasi kwenye kiganja, akaninusa hadi kwenye kiwiko.
Hakula.
Lakini alinusa, na Imali aliona.