Mara ya Pili

Dakika thelathini na moja, sekunde nane.
Hapo ndipo ninapoisimamisha picha kila usiku,
ghorofa ya tatu, Tbilisi, hita ikikohoa kama mgonjwa,
na Badavi akiwa na mguu mmoja hewani.

Chini yake mita tisini za utupu.
Chini zaidi, mto mwembamba kama uzi ulioanguka
mapajani mwa mshonaji.
Ana miaka sitini na mitatu. Ana goti lililowahi kuvunjika.
Babu yake alitembea juu ya waya, na baba yake,
na katika kijiji kile cha Dagestani mtoto hufundishwa waya
kabla hajafundishwa kuogopa.
Woga huuokota mwenyewe baadaye, ukubwani,
kama wengine wanavyookota kisukari.

Kwenye tangazo tumeandika: "Mtu Achezaye na Kifo."
Uongo. Sijaona popote anapocheza.
Tazama vidole vinavyoupapasa waya
ndani ya viatu vya ngozi alivyoshona mkewe:
ni vidole vya mtu anayetafuta swichi ya taa gizani
asije akaamsha watoto.

Aliye juu mngoje chini, husema watu,
na wausemao huwa na kijicho, hungoja aanguke.
Kumsiyat, mkewe, yuko chini ya nguzo tangu asubuhi.
Anangoja pia. Ameupa waya mgongo,
anapasua aprikoti, kokwa anazitupa kwenye beseni la bati,
na katika kinasa sauti zinalia ta, ta, ta,
kokwa moja, hatua moja.
Hageuki. Nimepima mara kumi, sijui anajuaje:
Badavi akisita, beseni linanyamaza.

Alifika ng'ambo. Akaikumbatia nguzo
kama mtu anayempokea ndugu kituo cha treni.
Beseni likalia tena, haraka haraka.

Ingetosha kuishia hapo.

Lakini kazi yangu ni kusikiliza hadi kanda iishe.
Lenzi imefunikwa, picha ni nyeusi, sekunde arobaini,
na humo gizani sauti ya Otari, mpigapicha wetu,
aliyesimama nami siku ya harusi yangu,
akipaza kuvuka korongo:
"Mzee! Jua lilijificha, uso wako haukuonekana.
Unaweza kurudia?"

Kimya.
Upepo kidogo kwenye kipaza sauti cha kifuani.
Kisha Badavi, kwa Kirusi chake cha shuleni:
"Unataka nitokee upande gani?"

Dakika thelathini na moja, sekunde nane, ni mara ya pili.
Ya kwanza ilikuwa yake, na ya babu yake, na ya goti lake;
hata angeanguka
angeangukia ndani ya maisha yake mwenyewe.
Ya pili alitembea ndani ya maisha yetu.
Goti limekwisha kuchoka. Jua safi kabisa.
Na ukitega sikio, hakuna kokwa.
Pembeni mwa picha, kwa nusu sekunde, upindo wa gauni:
Kumsiyat ameinuka, ameugeukia waya,
mikono inamchuruzika.

Mtayarishaji amepiga simu kutoka Leipzig.
Picha nzuri, anasema, inasisimua uti wa mgongo.
Zile kelele za Otari, kata.
Otari mwenyewe alipita jana, akanywa chai,
akaitazama skrini, akauliza tu
kama mzee amekwisha kulipwa.

Na mimi? Nilikuwa kwenye kiti hiki hiki.
Wiki moja kabla nilimwandikia Otari ujumbe,
bado uko kwenye simu:
"Niletee uso. Bila uso hakuna filamu."

Leo sikukata. Nimelichukua lile giza lote,
sekunde zake arobaini, ombi, upepo, swali,
nikaliweka mbele ya hatua.
Ukumbini watadhani mashine imeharibika.
Wengine watakohoa. Wengine watageuka nyuma
kumtafuta fundi.

Sasa ni dakika thelathini na moja, sekunde arobaini na nane.
Nimeiachia picha.
Mguu unashuka, unapapasa,
unaupata waya.